Kutengeneza Kucha Nyumbani: Yanayompasa Mtumiaji Kuyajua

Katika miji na vijiji vingi vya Tanzania, huduma ya kutengeneza kucha haitafutwi tena saluni peke yake. Vijana hupita mitaani na magulioni wakiwa na vikapu vilivyojaa chupa za rangi, pamba, wembe na beseni dogo, nao humhudumia mteja barazani kwake. Pamoja na hayo, watu wengi huamua kujitengenezea wenyewe. Baadhi hufanya hivyo kwa ajili ya gharama, baadhi kwa faragha, na wengine kwa sababu wanaishi mahali kama Mkumbara, wilayani Korogwe, ambako safari ya kwenda saluni ya mjini huongeza nauli juu ya malipo ya huduma yenyewe.

Uamuzi huo una faida. Tuseme mtu hulipa shilingi 3,000 kila baada ya wiki mbili. Kwa mwaka mzima atakuwa amelipa mara 26, yaani shilingi 78,000. Kikata kucha kimoja, tupa moja ya kucha na chupa moja ya mafuta ya nazi hugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Hata hivyo, anayejihudumia mwenyewe hubeba wajibu ambao kwa kawaida hugawanywa baina ya watu wawili. Yeye ndiye mtoa huduma, na yeye ndiye mteja. Hakuna mwingine wa kukagua vifaa, kusoma maandishi ya chupa wala kulaumiwa kidole kikivimba. Makala hii inaeleza namna ya kubeba wajibu huo kwa usalama.

Ukucha hulinda nini

Ukucha umejengwa kwa keratini, kitu kile kile kinachojenga nywele. Sehemu inayoonekana haina uhai, na ndiyo sababu kuikata hakuumi. Sehemu iliyo hai imejificha chini ya ngozi, kwenye shina la ukucha, na huko ndiko ukucha mpya hutengenezwa. Ukucha wa mkono hukua kwa kadiri ya milimita 3 kwa mwezi, hivyo huchukua miezi ipatayo 6 kujibadilisha wote. Ukucha wa mguu ni mzito zaidi, nao huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa hiyo kosa la siku moja kwenye shina la ukucha huonekana kwa miezi mingi.

Pale ukucha unapotokea chini ya ngozi pana ngozi nyembamba iliyoshikamana nao. Watu wengi huiona kuwa ni uchafu, wakaikata kwa wembe ili ukucha uonekane mrefu na safi. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote katika utengenezaji wa kucha. Ngozi hiyo ni kizibo: huzuia maji, vijidudu na kuvu visipenye kuelekea kwenye shina. Ikikatwa, mlango hubaki wazi. Matokeo yake ya kawaida ni uvimbe wenye usaha kandokando ya ukucha, ambao watu huuita mdudu wa kidole. Huyo si mdudu aliyeingia kutoka nje, bali ni maambukizi ya bakteria, na mara nyingi yalianza kwa wembe wa siku chache zilizotangulia.

Mikono ya kazi ina mahitaji yake

Ushauri mwingi kuhusu kucha huandikwa kana kwamba msomaji hushinda ofisini. Mkazi wa Korogwe anaweza kuwa anakata mkonge, anapandikiza mpunga kwenye jaruba, anachimba shamba au anafua nguo za watu. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi. Maji ya jaruba hulainisha kucha na ngozi kwa saa nyingi mfululizo. Sabuni ya unga huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuifanya ipasuke.

Mwenye mikono ya namna hii azingatie mambo matatu. Kwanza, kucha ziwe fupi, kwa kuwa ukucha mrefu hubeba udongo na hung'oka kwa urahisi unaponasa. Pili, siku ya kutengeneza kucha isiwe mkesha wa kazi ya maji au ya mkonge. Ngozi iliyosuguliwa ipewe angalau siku moja ya kupumzika. Tatu, mafuta hutunza kucha za mfanyakazi kuliko rangi. Mafuta ya nazi au mafuta mazito ya mgando, yakipakwa kila usiku kwenye kucha na ngozi inayozizunguka, huzuia mipasuko ambayo vijidudu huipenyea.

Kila mtu na kifaa chake

Katika nyumba nyingi wembe mmoja hukata kucha za baba, mama na watoto. Mazoea haya yaachwe. Kifaa kinachotoa hata tone la damu lisiloonekana kinaweza kuhamisha magonjwa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai juu ya kifaa kikavu kwa muda usiopungua siku 7, na kuvu wa kucha huhama kwa njia ya tupa na vikata kucha. Wembe una hatari nyingine pia: huteleza, na jeraha la kifaa kichafu huweza kuleta pepopunda kwa mtu asiyechanjwa.

Kwa hiyo, kila mwanafamilia awe na kikata kucha na tupa yake. Kama kikata kucha ni kimoja, kisafishwe kila baada ya mtu mmoja kwa utaratibu ufuatao:

1. Kioshwe kwa maji na sabuni, kikisuguliwa kwa mswaki wa zamani hadi mabaki ya kucha yaishe. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu.
2. Kichemshwe ndani ya maji yanayotokota kwa dakika 20. Badala ya hapo, kiloweshwe kwa dakika 10 katika dawa ya klorini ya kufulia, ambayo wengi huiita jiki. Ikiwa dawa hiyo ni ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji.
3. Kisuuzwe, kikaushwe kabisa na kuhifadhiwa mahali pakavu, kwa sababu klorini na unyevu huleta kutu.

Klorini isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa mchanganyiko huo huweza kutoa hewa yenye sumu. Tupa ya karatasi na msasa havisafishiki. Vitumiwe na mtu mmoja, kisha vitupwe vikichakaa.

Kanuni hii umhusu pia kijana mwenye kikapu. Si utovu wa adabu kumwambia, "Mwanangu, leo utatumia vifaa vyangu." Fundi anayejali kazi yake atakuelewa.

Hatua za kufuata

Osha mikono kwa sabuni, kisha loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika zisizozidi 5. Kucha zikilowa kupita kiasi hulegea na kupasuka.

Kata kucha za mikono kwa kufuata umbo la ncha ya kidole, ukiacha ukingo mdogo mweupe. Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka. Ukizama kwenye kona ili kulizungusha umbo, ukucha unapokua hujichimbia ndani ya nyama, na kidole gumba cha mguu ndicho huumia zaidi.

Laini kingo kwa tupa, ukielekea upande mmoja tu, kutoka pembeni kwenda katikati. Kusugua mbele na nyuma hutenganisha tabaka za ukucha. Usisugue uso wa ukucha ili kuupunguza unene.

Ngozi ya shina la ukucha isukumwe kwa upole baada ya kulowa, kwa kitambaa safi au kijiti laini, wala isikatwe. Kipande cha ngozi kilichokwisha kuchanika kikatwe hicho peke yake, bila kuvutwa. Uchafu wa chini ya ukucha uondolewe kwa brashi na sabuni, kwa kuwa sindano au ncha ya kisu huweza kuutenganisha ukucha na nyama.

Wapo wanaosugua ndimu ili kucha ziwe nyeupe. Ndimu inayobaki kwenye ngozi ikikutana na jua huweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa kwa wiki nyingi. Anayeitumia aoshe mikono vizuri kabla ya kutoka nje.

Rangi, asetoni na moto

Rangi ya kucha, ambayo wengi huiita cutex, hudumu ikipakwa kwa tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikikauka kabla ya ya pili. Kupaka kwanza tabaka isiyo na rangi hupunguza umanjano unaoachwa na rangi nyekundu na nyeusi. Zipumzishe kucha kwa siku kadhaa kila zinapoonekana kukauka au kubadilika rangi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni moto. Asetoni, kiini cha dawa nyingi za kuondolea rangi, hutoa mvuke unaowaka hata katika hewa ya baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini sakafuni hadi ukutane na moto ulio mbali na chupa. Jiko la mkaa, kibatari, mshumaa na sigara vyote vyatosha kuuwasha. Usiondoe rangi jikoni, wala usiku kando ya kibatari. Fanya kazi hiyo mchana, dirisha likiwa wazi, na watoto wakiwa mbali. Pamba iliyotumika nayo huwaka, kwa hiyo isitupwe karibu na jiko.

Petroli na tina ya mafundi rangi zisitumike badala ya asetoni. Hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi, na hatari yake ya moto ni kubwa vilevile. Chupa ya kiondoa rangi ibaki na lebo yake. Kuihamishia kwenye chupa ya soda au ya maji ni kumtegea mtoto mtego.

Hina na piko si kitu kimoja

Katika mkoa wa Tanga, kama kwingineko pwani, hina ni pambo la harusi na la sikukuu tangu zamani. Waislamu wengi huipendelea kwa kucha kwa sababu haiweki utando unaozuia maji ya udhu. Hina halisi ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake ni ya chungwa, nyekundu au kahawia, nayo huhitaji saa kadhaa ili ikolee.

Hakuna hina ya asili iliyo nyeusi tii. Weusi unaokolea kwa muda mfupi hutoka kwenye piko au rangi nyingine za nywele, ambazo mara nyingi zina kemikali iitwayo parafenilenediamini, inayoandikwa kwenye lebo kwa kifupi PPD. Katika Umoja wa Ulaya kemikali hiyo huruhusiwa katika rangi za nywele tu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, wala hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Ikipakwa mikononi huweza kuleta muwasho, malengelenge na makovu yanayofuata mchoro wenyewe. Zaidi ya hayo, mwili ukishaizoea kuwa adui, mzio huo huweza kudumu maisha yote. Bibi harusi aliyepambwa kwa piko leo anaweza miaka kumi baadaye kuvimba uso kwa rangi ya nywele.

Chagua hina ya unga ambayo unaijua ilikotoka. Muulize anayekupaka ameichanganya na nini, na akikwambia kuwa itakolea nyeusi kwa nusu saa, kataa. Watoto wachanga wasipakwe kabisa, hata hina halisi, kwa sababu wapo wanaozaliwa na upungufu katika damu ambao hina huweza kuuchochea hadi damu ikapungua kwa ghafla.

Kucha za bandia

Kucha za bandia za kubandika huhitaji gundi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Gundi ya kuunganishia viatu na plastiki isitumike. Gundi za jamii hii pia hupata joto kali zikidondokea kitambaa cha pamba, na zimewahi kuunguza ngozi iliyo chini ya nguo. Usivae kucha hizo juu ya ukucha wenye jeraha, wala usizing'oe kwa nguvu. Zikilegea upande mmoja, ziondoe siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji yanayonasa chini yake hulea bakteria na kuvu. Rangi ya kijani chini ya ukucha ni dalili ya jambo hilo.

Kucha za kumimina kwa unga na maji maji zina tahadhari yake. Baadhi ya maji hayo huwa na methili methakrilati, kemikali ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuichukulia hatua tangu miaka ya 1970 baada ya malalamiko ya watumiaji. Ukucha wake huwa mgumu kupita kiasi, na unaponasa hung'oa ukucha wa asili. Zile za jeli zinazokaushwa kwa taa nazo huweza kuleta mzio wa kudumu ikiwa jeli mbichi itagusa ngozi. Kwa asiye na mafunzo, ni heri kuziacha.

Kabla ya kulipa

Tangu Julai 2019 usimamizi wa ubora na usalama wa vipodozi Tanzania Bara umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Rangi ya kucha, kiondoa rangi na gundi ya kucha navyo vikaguliwe na mnunuzi kama vipodozi vingine. Kabla ya kununua, dukani au gulioni, tazama yafuatayo:

- Jina la bidhaa, la mtengenezaji na la nchi ilikotoka.
- Namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.
- Orodha ya viambato na maelezo ya matumizi kwa lugha unayoielewa.
- Kifuniko kisichofunguliwa na lebo isiyobandikwa juu ya nyingine.

Katika orodha ya viambato vya rangi ya kucha, epuka formaldehidi, tolueni na dibutili fthalati. Chupa isiyo na lebo isinunuliwe, hata bei yake ikiwa ndogo. Rangi iliyoganda isiongezwe asetoni. Omba risiti kila ununuapo, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

Dalili zisizofaa kufunikwa kwa rangi

Rangi hupamba, lakini pia huficha. Kila unapoiondoa, tazama kucha zako kwa mwanga wa mchana kabla ya kupaka nyingine. Nenda zahanati au kituo cha afya ukiona uvimbe wenye usaha, ukucha unaonenepa na kumeguka, au ukucha unaoachana na nyama. Kutoboa mdudu wa kidole kwa sindano au kukichomeka kidole ndani ya ndimu hakumalizi ugonjwa, bali huchelewesha tiba.

Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Lakini mstari mmoja mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au unaoingia kwenye ngozi, uonyeshwe kwa daktari bila kukawia, kwani huweza kuwa saratani. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika, aliyefariki mwaka 1981, aliugua saratani ya namna hiyo iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Mwenye kisukari asijikatie kucha za miguu ikiwa haoni vizuri au miguu yake ina ganzi. Jeraha asilolihisi huweza kugeuka donda la kumpotezea mguu. Na anayekwenda hospitali kujifungua au kufanyiwa upasuaji aondoe rangi na kucha za bandia kabla ya kuondoka nyumbani. Rangi nzito huweza kukivuruga kipimo cha oksijeni kinachovalishwa kidoleni, na huwazuia wahudumu kuona rangi halisi ya ukucha.

Ukidhurika, fanya hivi

Acha kutumia bidhaa hiyo mara moja, lakini usiitupe. Tunza chupa, lebo, kisanduku na risiti, na upige picha ya madhara yangali mapya. Ukienda kutibiwa, nenda na chupa, ili mganga ajue ni kemikali gani iliyohusika. Kisha mwarifu muuzaji, na upeleke taarifa TBS kwa suala la ubora na usalama. Ikiwa bidhaa ni bandia, au ulidanganywa kuhusu ilivyo, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kupokea lalamiko lako, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Asiyeweza kufika ofisi hizo aanze kwa afisa afya au afisa biashara wa halmashauri yake.

Wengi hunyamaza kwa kudhani kwamba chupa ya bei ndogo haistahili lalamiko. Lakini chupa iliyokuunguza wewe ilikuja katika katoni yenye nyingine nyingi, na zilizobaki zingali rafuni zikimsubiri jirani yako. Taarifa yako moja huweza kuziondoa zote.